Paa Lililopimwa kutoka Angani

Nchi ninayoisimulia haimo kwenye ramani. Ilikuwemo zamani, lakini Mkaguzi Mkuu wa Taifa alipoiona ramani yenyewe alisema nchi yake ni kubwa kuliko vile, akaamuru ichorwe upya, na wachoraji bado wanatafuta karatasi ya kutosha. Kwa hiyo msomaji asijisumbue kuitafuta. Akiona inafanana na nchi anayoijua, kosa ni la macho yake, na macho yana hospitali yake.

Mimi ni raia mtiifu wa nchi hiyo. Nalisema hili mapema, lisije likatokea neno huko mbele likanichonganisha na wakubwa. Elimu yangu niliipata kwa masomo ya jioni, nikiwa mtu mzima mwenye mke na watoto, baada ya kushinda kutwa nikipakia magunia. Tangu wakati huo sijamwomba mtu anisomee chochote. Ninayoyaeleza nimeyaona mwenyewe, na pale nisipoielewa hekima ya serikali nimeeleza kilichotokea tu, nikaiacha hekima ijitafutie njia.

*

Mkaguzi Mkuu hakuwa mtu wa kukaa ofisini. Aliikagua nchi kwa helikopta kila siku isiyo na mawingu. Alisema kiongozi anayekagua kwa gari huonyeshwa, bali aliye juu haonyeshwi, anaona.

Siku moja, akipita juu ya shule fulani, aliuliza paa lile limekula mabati mangapi. Wakamtajia. Akauliza sakafu yake ina ukubwa gani. Wakamtajia. Akainamia dirisha kwa kitambo, kisha akaomba kipaza sauti, akalihutubia taifa kwa redio hukohuko angani. Hotuba ile watoto wetu huikariri kabla ya wimbo wa taifa:

"Ndugu wananchi! Niko juu ya paa. Hakuna katika ninyi aliyewahi kuwa juu kuliko hapa nilipo. Nimelitazama kwa macho yangu mawili, na paa hili ni sawasawa na sakafu yake! Halizidi hata kiganja! Halafu mnaniambia limekula mabati zaidi ya sakafu. Yamekwenda wapi hayo mabati? Nimeyatafuta, sikuyaona. Na kisichoonekana kutoka juu hakipo!"

Waliokuwa ndani ya helikopta walipiga makofi. Rubani naye akapiga, jambo lililoleta hofu kidogo.

Hivyo ndivyo tulivyoipata Sheria ya Kipimo cha Angani, na Wizara ya Vilivyo Juu ya kuisimamia. Tangu siku hiyo paa la jengo lolote la umma lilipimwa kwa picha iliyopigwa kutoka juu, kama mtu anavyopima mkeka. Neno "mteremko", likihusu paa, lilipakwa wino mweusi katika vitabu vyote vya shule. Wino huo ulitusaidia sana sisi wenye hamu ya kujifunza, maana ulituonyesha hasa lilipokuwa.

Tatizo lilikuwa mvua. Mvua ya nchi ile haikuwa imesoma sheria. Ukijenga paa bapa, iliketi juu yake kama mgeni asiyeaga, mpaka dari likaanguka. Mafundi wakaendelea kusimamisha kenchi zenye kilele, kama baba zao walivyofanya, huku wakipewa mabati ya paa bapa. Fundi akianza kuezeka kutoka ukingoni, mabati yalimwishia kabla ya kilele. Akianza kileleni, yalimwishia kabla ya ukingo.

Serikali haikuficha kichwa chake mchangani. Ilisema wazi kwamba mabati yaliyotolewa yanatosha. Kama hayatoshi, yameibwa. Kama yameibwa, aliyeyaiba ni yule aliyeyapokea, naye ni mwenyekiti wa kamati ya ujenzi. Mwenyekiti alipewa nafasi ya kukiri katika Sikukuu ya Kukiri, mbele ya umati, akashikwa mkono na Mheshimiwa Waziri, akapigwa picha, akapewa soda. Kisha alirudi kwake, akabandua mabati ya nyumba yake mwenyewe, akaenda kuziba nayo ule uwazi.

Ndiyo maana katika nchi ile, ukitaka kuitambua nyumba ya mtu anayeheshimika, unatafuta isiyo na paa. Katika posa utasikia mshenga akisema, "Huyu kijana katoka nyumba ya watu. Babu yake aliiba paa la posta, na baba yake kaiba la soko," na upande wa mke hutingisha kichwa kwa heshima.

Na sheria ilifanya kazi. Kila mwisho wa mwaka hesabu zilionyesha kwamba majengo yote ya umma yameezekwa kikamilifu kwa mabati yaleyale yaliyotolewa na wizara. Wataalamu walikuja kutoka nchi za nje kushangaa. Walilala hotelini.

*

Mtaa wetu wa Magengeni uliamua kujenga wodi ya wazazi. Mwenyekiti wa kamati alikuwa Bi Nambua, mkunga, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuamrisha, aliyeshika uhai wa nusu ya mtaa kabla wenyewe hawajajua kuwa wana uhai. Mimi nilikuwa katibu, kwa sababu ya elimu yangu. Fundi alikuwa Shebughe, mtu wa matani, ambaye hakuna paa la Magengeni asilolijua kwa magoti.

Wodi ilikuwa na urefu wa mita ishirini na upana wa mita nane, nikihesabu na sehemu ya paa inayotokeza nje ya ukuta. Kilele kiliinuka mita tatu. Sasa kutoka katikati mpaka ukingoni, ukitambaa chini, ni mita nne. Lakini bati halitambai chini, linapanda. Mita nne za kwenda na tatu za kupanda, ubavu wake ni mita tano, na hilo hakulitunga Nambua wala mimi. Ubavu wa mita tano kwa urefu wa ishirini ni mita za mraba mia moja, na paa lina mbavu mbili, basi mia mbili. Sakafu ni mia na sitini tu. Bati moja, likishalaliana na mwenzake, hufunika mita mbili za mraba. Tulihitaji mabati mia moja.

Sijigambi kwa hesabu hiyo. Shebughe aliijua kwa kutupa jicho. Mke wangu aliijua bila kutoka jikoni: alisema kanga inayotosha kufunika meza haitoshi kumfunika mtu aliyepiga magoti juu ya meza hiyo. Kila mtu katika nchi ile alijua. Nilikwenda wizarani na karatasi yangu nikiamini kwamba huenda wao peke yao hawajaambiwa.

Afisa Vipimo alikuwa Bwana Lukindo, kijana wa hapohapo Magengeni aliyepanda cheo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu."

Alisoma karatasi, akakunja uso kama aliyeuma kokwa. "Mzee, hii tatu ni nini?"

"Kimo cha kilele."

"Na hii tano?"

"Ubavu wa paa."

"Paa halina ubavu, mzee. Paa lina uso. Ubavu umeuona wewe kwa sababu umesimama chini. Ungesimama panapostahili, usingeuona."

"Mwanangu, nyumba yako umeshaiezeka?"

Alinyanyuka, akafunga mlango. "Nimeezeka."

"Mabati yalitosha?"

"Yale nilinunua dukani kwa Mhindi, mzee," akanong'ona. "Dukani hawana helikopta."

Kisha akaufungua mlango, na kwa sauti ya kusikika hadi barabarani akatangaza kwamba Magengeni imeidhinishiwa mabati themanini kamili, shukrani kwa jicho lisilosinzia la Mkaguzi Mkuu.

*

Bi Nambua aliyapokea themanini, akayahesabu mara mbili mbele ya dereva. Shebughe akaanza ukingoni, akapanda nayo pande zote mbili. Alipobakiza mita moja kila upande kufika kileleni, akakaa juu ya kenchi akiangalia mikono yake mitupu.

"Mwenyekiti!" akaita kutoka juu. "Hapa kilichobaki niezeke kwa hotuba!"

Uwazi ulipita katikati ya jengo lote, juu kabisa ya mstari wa vitanda. Mama aliyelala chali aliweza kuhesabu kunguru.

Helikopta ikaja, ikapiga picha, ikaenda zake. Baada ya hapo akaja Bwana Lukindo na askari wawili na karatasi ya kukiri iliyokwisha kupigwa mhuri, imebaki sahihi tu. Kina mama walikuwa kwenye foleni ya kliniki.

"Shikamoo mama," alisema, akavua kofia.

"Marahaba. Mkeo hajambo? Kile kitoto kinanyonya?"

"Kinanyonya mama, kimenenepa." Akatazama pembeni, maana vitoto vyake vyote vilitua duniani katika mikono ile. "Mama, nimekuja kwa ile shughuli ya mabati uliyoiba."

"Uliniletea mangapi?"

"Themanini."

"Na huko juu yapo mangapi?"

"Picha inaonyesha eneo la mabati sitini na manne. Umeiba kumi na sita."

"Lukindo. Ngazi ile pale. Panda uyahesabu."

"Mama, kupanda ni kuhesabu kutoka karibu. Sheria hairuhusu."

"Kwa hiyo hayo kumi na sita nimeyaweka wapi?"

Mwanamke mmoja kwenye foleni, tumbo limemfika kidevuni, akadakia, "Nipekueni kaka, pengine kayaficha humu ndani kwangu! Ndiyo maana siku hizi nikilala kwa ubavu nasikia mlio!"

Foleni nzima ikaangua kicheko. Askari mmoja akacheka pia, akajitia anakohoa.

Hapa naomba msomaji aone uzuri wa hesabu ya serikali. Bi Nambua angekiri kumi na sita, angebandua kumi na sita nyumbani kwake, na Shebughe angeyapeleka juu, na bado yangepungua manne, kwa kuwa uwazi wenyewe ulitaka ishirini. Hayo manne angekuja kuyaiba mwenyekiti wa mwaka unaofuata. Serikali yetu haikumwacha mtu nyuma.

Bwana Lukindo alimsogezea kalamu. "Mama, weka sahihi. Ni desturi tu. Utapewa soda."

Bi Nambua aliigeuza mikono yake juu chini, akaitazama kana kwamba ni ya mtu mwingine.

"Mikono hii," alisema, na kicheko kikakatika, "ikikushika kichwa unapotoka, mama yako hapigi kelele, kwa sababu anaiamini. Usiku wa manane mtu ananifungulia mlango wake, vitu vyake vyote viko wazi, ananiachia mkewe. Leo niandike kwamba ni mikono ya mwizi? Kesho nani atanifungulia? Mabati ya nyumba yangu ningewapa, Lukindo. Jina langu silibandui."

"Mama, mwisho wake ni jela."

"Jela kuna wanawake. Watazaa."

*

Hakuna aliyewahi kukataa kukiri. Mahakama ilibidi itafute kwanza kitabu cha kuendeshea kesi ya namna hiyo. Hakimu Ngatara, mtu mnene mpole aliyezoea kutoa msamaha na kwenda kula, alimuuliza mshitakiwa ana ombi gani.

"Nina moja," alisema Bi Nambua. "Sheria inasema kilichopo ni kinachoonekana kutoka juu. Nakubali. Yabandueni mabati yote ya wodi, yatandazeni uwanjani, mpige picha kutoka juu. Yakionekana sitini na manne, nifungeni."

Bwana Lukindo, aliyekuwa akiiwakilisha wizara, hakuona ubaya. Ombi lilikuwa limetumia maneno ya sheria, nayo yalikuwa yakisikika vizuri.

Basi tukayabandua. Shebughe alipigilia vigingi uwanjani, akafunga kamba yenye vipimo vya paa linavyoonekana kutoka juu, mita ishirini kwa nane, tukayatandaza humo bati kwa bati, yakilaliana vilevile. Yalijaa kamba kwa kamba. Askari walikesha pembeni, wamekatazwa hata kupepesa macho. Asubuhi helikopta ikapita. Picha ikaonyesha mabati themanini.

Magengeni nzima ilishangilia. Bi Nambua alichukua kanga yake aende nyumbani.

"Bado," alisema Bwana Lukindo, akiishika picha kwa mikono miwili. "Hili limethibitisha wizi. Kumbe mabati unayo! Uliiba kumi na sita, na ulipoona mambo yamekuwa magumu, umeyarudisha."

"Nimeyarudisha saa ngapi, askari wako wakiwa wamenizunguka?"

"Hilo ndilo tutakalolichunguza."

Mahakama ikaamuru mabati yapandishwe tena juu, chini ya ulinzi mkali. Yakapandishwa. Askari walisimama juu ya kenchi kama kunguru. Helikopta ikapita. Sitini na manne.

"Ameiba tena!" wizara ikatangaza redioni.

Yakashushwa. Themanini.

"Karudisha!"

Yakapandishwa. Sitini na manne. Gazeti la serikali likaandika kwa herufi nene kwamba nchi haijapata kuona mwizi hodari kama mkunga wa Magengeni, aibaye mchana kweupe akiwa amefungwa pingu, tena akiwa ameketi uwanjani anasuka ukili. Huko mitaani watu walianza kutazama juu. Mtu akipita posta anainua kichwa, akipita sokoni anainua kichwa, halafu anaitazama nyumba ya jirani isiyo na paa, halafu anatazama tena posta. Wizara ikatoa onyo kwamba kutazama juu bila kibali ni kuingilia kazi ya Mkaguzi Mkuu.

*

Jioni moja Bwana Lukindo alinijia nyumbani. Alivua viatu, akaketi kwenye mkeka, akanywa chai yangu. Kisha akatoa kwenye mkoba kitu kilichofungwa kwa karatasi laini. Kilikuwa cheti. Kilikuwa na ukingo wa rangi ya dhahabu na utepe, na katikati, kwa mwandiko wa kupambwa: Shahada ya Heshima katika Elimu ya Ubapa. Pa kuandika jina palikuwa wazi.

"Mzee," alisema, "wakubwa wanatambua mchango wako. Wanasema haifai mtu wa akili yako abaki na kile cheti cha masomo ya jioni."

Sitadanganya. Kilikuwa kizuri. Cheti changu kile kilipigwa kwa mashine isiyo na herufi r, na jina la chuo limejazwa kwa kalamu.

"Wanataka nini?"

"Kidogo tu. Wewe ni katibu. Useme uliona mama akihamisha mabati. Hata moja. Hata ulisikia mlio."

"Na hii shahada inasomewa muda gani?"

"Haisomewi, mzee. Ni ya heshima."

Nikamrudishia. "Mwanangu, mimi chochote nilichonacho kichwani nilikilipia kwa usingizi. Mwalimu alikuwa akinipiga chaki nikisinzia, mtu mzima mwenye ndevu, na kesho yake nilirudi. Hiki chenu kikitundikwa ukutani kwangu, kile kingine kitaanguka kwa aibu. Mpelekee mtu ambaye ukuta wake ni mtupu."

Hakukasirika. Aliifunga shahada yake taratibu. Mlangoni akageuka, akasema polepole, "Mzee, hivi kweli unadhani mimi sijui?"

"Najua unajua," nikamjibu. "Ndilo linalonikera."

*

Siku ya hukumu mawingu yalikuwa mazito, na helikopta haikuruka. Mahakama ilifurika. Walikuja watu wa mitaa mingine ambao sikuwa nimewaona kabla, wengi wao wazee, wenye ngozi iliyopigwa na jua hata ndani ya nyumba zao. Ukimtazama mmoja tu ulijua: huyu aliwahi kukiri.

Hakimu Ngatara alisoma kwa muda mrefu. Alisema mahakama imejiridhisha kwamba mabati yote themanini yapo. Kwa hiyo hayakuibwa. Lakini pia imejiridhisha kwamba paa halikutimia. Kwa hiyo yameibwa. "Upungufu upo," alisema, akijifuta jasho, "na upungufu usio na mwenyewe hurudi kuwa wa serikali, jambo lisilowezekana kisheria. Mshitakiwa, mahakama hii ina huruma. Omba msamaha tu. Si lazima hata utaje kosa. Omba, na uende nyumbani. Ukikataa, ni miaka saba."

Nilimwona Shebughe, ambaye siku zote ana la kusema, ameuma kola ya shati lake.

Bi Nambua alisimama. Kizimba kilimfika kifuani.

"Siombi msamaha," alisema. "Naomba mabati ishirini."

Kisha, kutoka benchi la nyuma, mzee mmoja akainuka akiegemea bega la mwenzake. Aliitwa Mzee Kwilasa. Mahakama ileile tuliyokuwamo ilipojengwa, yeye ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati yake, na ndani yake ndimo alimokiri kuiba paa lake.

"Mheshimiwa Hakimu," alisema, "na mimi sikuiba."

"Keti, mzee. Wewe ulishakiri."

"Nimekanusha. Sasa hivi. Hawa wote mashahidi." Akaelekeza fimbo yake juu. "Mabati yale ya kileleni, yenye rangi ya kijani, ni ya nyumba yangu. Niliyatoa kama mwizi. Sasa kama mimi si mwizi, yale ni ya nani? Mke wangu alikufa kwa homa ya mapafu chini ya turubai, Mheshimiwa. Nayataka."

"Hata mimi sikuiba," akasema mwanamke upande wa dirishani. "La sokoni. Sikuiba."

"La shule ya Kibirizi. Sikuiba."

"Nami la posta! Miaka yote nimejiita mwizi mbele ya wakwe zangu! Sikuiba!"

Wakawa wanasimama mmoja mmoja, mabenchi yakilia, kila mmoja akitaja paa lake, na hakuna aliyepaza sauti sana. Walisema kama watu wanaojibu wanapoitwa majina. Hakimu alipiga rungu lake, kisha akaliweka chini, maana halikuwa likimfanya mtu yeyote aketi.

Shebughe tayari alikuwa nje. Tulisikia ngazi ikigota ukutani. Askari wa mlangoni, ambaye kwao kulikuwa na turubai pia, alitoka kwenda kumzuia, na tulipochungulia tukamwona ameishika ngazi isiteleze. Juu yetu misumari ikaanza kulia. Bati la kwanza la kijani likang'oka, nuru ya kijivu ikamwangukia Hakimu usoni. Likang'oka la pili. La tatu. Mvua, iliyokuwa ikisubiri tangu asubuhi, haikuhitaji mwaliko.

Ilinyesha juu ya meza ya Hakimu. Ilinyesha juu ya kitabu kikubwa cha sheria, na juu ya Bwana Lukindo, ambaye hakusogea. Alisimama hivyohivyo analowa, na usoni mwake mlikuwa na kitu ambacho sikuwa nimekiona tangu apande cheo. Karani wa mahakama, mama mmoja wa makamo, aliifunika mashine yake ya kuandikia kwa kifua chake.

"Zibeni!" Hakimu alipaza sauti. "Zibeni haraka! Leteni mabati!"

"Mangapi, Mheshimiwa?" aliuliza Shebughe kutoka juu, kichwa chake kikionekana katika uwazi kama mwezi.

Hakimu alimtazama Bwana Lukindo. Bwana Lukindo akatazama mbinguni, ambako siku ile hakukuwa na mtu. Mwisho Hakimu akanigeukia mimi.

"Mzee. Wewe unasemwa kuwa unajua. Hapa yanahitajika mangapi?"

Nikasimama, nikafunga kifungo cha koti. "Mheshimiwa, nipime kutoka angani, au kutoka hapo ulipokaa?"

Maji yalikuwa yakimshuka kwenye kola, yakiingia mgongoni. Alisogeza kiti kushoto, uwazi ukamfuata. Kila mtu mle ndani alijua kinachosubiriwa. Neno lile lililopakwa wino likishatoka kinywani mwa hakimu na kuingia kwenye mwenendo wa kesi, hakuna mwizi tena katika nchi nzima, wala hapajawahi kuwa na mwizi.

"Kutoka hapa nilipokaa," alisema.

"Na mteremko wake, Mheshimiwa?"

Alifumba macho. Tone likamwangukia juu ya kope.

"Na mteremko wake."

Vidole vya karani viliganda juu ya mashine. Alimtazama Hakimu, akamtazama Bwana Lukindo, akatazama wino mweusi uliokuwa ukitiririka kutoka kwenye kitabu cha sheria hadi sakafuni.

Bi Nambua aliinama kutoka kizimbani, akaushika ukingo wa meza ya karani kwa mkono wake ule mfupi.

"Andika, mama," akamwambia taratibu, kwa sauti anayoitumia wodini. "Hakimu ameshasema. Andika."